Aniversere ya Orkesta Yetu

Kaa chini kwanza, mwanangu, acha kunizungukazunguka na hiyo gita mgongoni, unanitia kizunguzungu. Tangu asubuhi nawasikia wewe na mwenzako mnagombania tarehe ya aniversere ya orkesta yenu, na sasa naambiwa mko karibu kuvunja kundi. Kwa tarehe! Basi nikusimulie. Kuna Ijumaa moja ya wakati wa vita ambayo mpaka leo, boti ikiwasha mashine, inanirudia yote.

Mimi nilikuwa mwimbaji. Usicheke! Tulikuwa watatu hapa hapa mtaani Kataki, tukipiga roki wakati Kalemie nzima inataka rumba, na wazee walituita kelele za mabati. Kibwe alipiga gita, Selemani ngoma. Kila mwaka tulifanya aniversere ya orkesta, na kila mwaka hao wawili waligombana. Selemani alisema orkesta ilizaliwa siku tulipokaa uani kwao na kupiga kwa mara ya kwanza, na gita ya kuazima isiyo ya umeme. Kibwe alisema, hapana, ilizaliwa siku chache baadaye, aliporudi kutoka Kigoma na gita ya umeme. Bila umeme hakuna roki, alisema. Wakati wa amani tulicheka tu, tukafanya siku zote mbili, tukala wali mara mbili.

Kisha vita ikatufikia. Treni ikasimama, barabara ya Nyunzu ikafungwa, na kila ukiamka unakuta mlango wa jirani mwingine una kufuli. Sikuweza kutulia mahali pamoja. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje kusikiliza. Ndipo kwa akina Selemani wakaamua kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Boti ilikuwa ya Jumapili. Siku ya Selemani mwaka ule iliangukia Jumamosi, na ya Kibwe ilikuwa Jumatano iliyofuata.

"Tupige Jumamosi, kaka," Selemani alimwambia. "Jumatano mimi sitakuwa hapa."

"Muntu anazaliwa mara moja," Kibwe akajibu. "Orkesta pia. Siku yake njo Jumatano. Ukitaka, bakia."

Unaona? Hilo "bakia" ndilo lililokuwa moyoni mwake. Alidhani akikaza shingo, rafiki yake hatapanda boti. Nilishinda njiani kati ya nyumba zao kama mshenga, huku nasihi, kule bembeleza, hakuna aliyelegea. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ijumaa, baada ya swala, nikiwa kwa Kibwe namgombeza, akaingia Bibi Zaina, nyanya yake Selemani, mtandio umeteleza, pumzi juu juu. Hakukaa.

"Boti haingoji tena Jumapili," alisema. "Wamesikia risasi upande wa Nyunzu. Tunaondoka sasa hivi. Nimeacha mizigo bandarini nikuambie neno moja tu, Kibwe. Mwaka mumoja mwezi ulionekana Kigoma, hapa mawingu yakatufunika. Wao wakala Idi, sisi tukafunga. Kesho yake kaka yangu wa Kigoma akavuka, akavaa tena kanzu ya Idi, akala tena na sisi. Hakuniuliza nani alikosea mwezi! Idi njo batu, baba, watu wako. Siku ikikosa batu, ni siku tu. Na mutoto wangu atapanda ile boti, umupigie gita ao usimupigie."

Kibwe akanyakua gita, hakuchukua bafle ya kutolea sauti wala viatu, tukakimbia sote mpaka bandarini, Bibi Zaina katikati tumemshika mikono.

Tulimpandisha bibi wa mwisho, na kamba ikafunguliwa. Kibwe akaingia majini mpaka magotini, akaanza kupiga. Gita ya umeme bila umeme, mwanangu! Ilikuwa inalia kama mbu ndani ya chupa. Mimi nikaimba kwa nguvu zangu zote, watu wakitusukuma na vifurushi vyao. Kule kwenye boti Selemani akabana bidoni, dumu tupu la mafuta, kati ya magoti, akapiga. Mashine ilimeza kila kitu. Hatukumsikia, hakutusikia. Lakini niliitazama mikono yake, nikajua tuko wapi kwenye wimbo, na pa kuingia nikaingia.

"Bon aniversere!" Kibwe alipiga kelele, machozi yanamshuka waziwazi. "Selemani! Bon aniversere!"

Haikuwa Jumamosi, haikuwa Jumatano. Selemani hakurudi tena, amezikwa ng'ambo. Jumatano ilipofika, Kibwe hakuitoa hata gita ndani. Ya kazi gani? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo nisikie vizuri, na kamwambie mwenzako. Tarehe haiwezi kukumbatiwa. Mwenzio akiwa bado yupo, hiyo ndiyo siku, ifanyeni leo wali ukiwa jikoni, hata kama umeme umekatika. Na ukimpenda mtu, ukaogopa asiondoke, mwambie kwa mdomo kwamba unaogopa. Usiifiche hofu hiyo ndani ya ugomvi.

Mungu awape masikio ya kusikilizana. Awape umeme pia, maana huo nao ni kazi kuupata. Na atakayevuka ziwa kati yenu, ziwa limpeleke salama na kumrudisha, amkute mwenzake bado anamngoja pale pale bandarini. Haya, inuka! Bado umekaa? Mwenzako yuko wapi?