Jiwe la Watu Nililolitafuna

Mie toka mimba ya kwanza nakula udongo. Watoto wamezaliwa, wamekua, wamezaa wao, na mie bado natafuna. Hapa Alby, Uswidi, kuna mama wa kanisani ananiletea vipande vikavu. Vikiisha sina raha.

Basi mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ananiita mormor kama Waswidi wanavyomwita bibi mzaa mama, akanipeleka Australia kuona lile jiwe jekundu la jangwani. Aliniahidi tutakwenda siku goti langu bovu likipona. Jamani, si jiwe lile, ni mlima mzima umekaa peke yake kwenye tambarare kama ng'ombe aliyelala. Tukaona na mawe mengine ya mviringo kwa mbali, yamesongamana. Nikafurahi hata goti nikalisahau.

Aliyetuongoza alikuwa bibi wa hapohapo, rika langu. Mjukuu akanitafsiria: "Mormor, anasema hapa ni kwa wazee wao. Tusipande, tusichukue kitu."

Nikaitikia kwa kichwa vizuri kabisa.

Sasa asubuhi ile mvua ilikuwa imenyunyiza. Harufu ya udongo mkavu uliopata maji, na udongo wangu nimeusahau Alby kwenye kopo! Wenzangu wakatangulia kwenye dimbwi lililo chini ya mwamba. Nikainama kama nafunga kiatu. Kulikuwa na kipande cha mwamba kinabanduka chenyewe, nikakivuta. Nusu mdomoni, nusu kwenye leso. Mchanga mtupu, unakwaruza meno. Hata utamu hakina.

Yule bibi akageuka. Mjukuu naye akarudi. "Mormor, unakula nini?"

"Peremende."

Na midomo myekundu. Mjukuu akaniamini. Yule bibi akanisogelea. Alitoa kitambaa chake akanifuta mdomo, taratibu, kama mtoto, akaenda zake.

Jioni tukaonyeshwa mawe ambayo wageni waliyachukua, halafu wakayarudisha kwa posta na barua za kuomba radhi. Mjukuu akanishika mkono. "Watu hawana aibu, Mormor. Afadhali wewe."

Tumerudi, ananisifia kwa kila mtu. Kanisani, kwenye treni, kwa jirani: bibi yangu anaheshimu vitu vya watu. Mie natazama viatu vyangu. Udongo wa kopo nao ukanishinda, kila nikiutia mdomoni naona kile kitambaa.

Jumapili moja amekuja kunywa chai, nikaifungua leso mezani. Akakitazama kipande, akanitazama mie.

"Ile peremende?"

"Ndiyo hii."

Akasukuma kikombe pembeni. Kisha akaleta karatasi na bahasha. "Haya, sema mwenyewe. Niandike nini?"

"Andika nimekirudisha, naomba wanisamehe."

Akaandika. "Basi?"

Nikapangusa meza, na meza ilikuwa safi. "Andika ni nusu. Nusu nyingine nimekula."

Hakucheka. Akaandika.