Kaya Zinazolima Kahawa Tu

Maganda ya kahawa mbivu yakilundikana nyuma ya nyumba siku mbili tatu hutoa harufu tamu yenye ukali kidogo, na mpaka leo harufu hiyo hunirudisha kijijini kwetu Isansa, mwaka niliokuwa darasa la saba. Asubuhi ukungu ulikaa mpaka unajiuliza kama jua lina habari na sisi. Mimi na mama tulisimama kwenye vichanja vya kuanikia tukichambua kahawa, mikono ikienda yenyewe, akili yangu ikiwa kwenye mtihani. Baba alikuwa ameshasema, na baba hakuwa mtu wa kurudia: nikifeli, naenda Tunduma kwa shangazi nikamsaidie kuuza vitenge. Sikuwa na ugomvi na shangazi. Ila nilitaka shule, jamani, niliitaka kweli.

Kilichonitisha ni hesabu za makundi mawili. Mwalimu Nzunda, aliyetufundisha hisabati, alichora ubaoni maduara mawili yaliyopandana, akaandika: kijiji kina kaya arobaini, ishirini na nane zinalima kahawa, ishirini na mbili zinalima mahindi, na hakuna kaya isiyolima chochote kati ya hivyo. Ngapi zinalima vyote viwili? Nikanyoosha kidole kwa kujiamini kabisa, nikasema arobaini. Akauliza nimepataje. Nikamwambia hapo hakuna cha kukokotoa, kwani anayelima kahawa bila mahindi atakula nini? Darasa halikucheka. Wenzangu karibu wote walikuwa wameandika arobaini. Mwalimu akatukosesha wote, akasema kijiji hicho kina kaya zinazolima kahawa tu. Jioni nilimweleza mama, naye akaacha kuchambua, akafikiri, akasema hao watu wa kahawa tu labda wana mgonjwa ndani, ingefaa wapelekewe hata debe moja la mahindi. Hapo nikajua nimekwisha.

Kesho yake mwalimu alisimama karibu na dawati langu, akasema taratibu, “Binti, swali halijakuuliza kijiji chetu. Limekuuliza kijiji chake. Kubali maneno yake, halafu uhesabu.” Akanionyesha kuwa ishirini na nane na ishirini na mbili ni hamsini, na kaya ni arobaini tu, kwa hiyo kumi zimehesabiwa mara mbili. Hizo kumi ndizo zinazokaa katikati, pale maduara yanapopandana. Tangu siku hiyo, kila nilipochambua kahawa nilikuwa natembea kwenye kijiji kile. Nilizijua njia zake. Upande mmoja watu wa kahawa tu wakinywa uji sijui wa nini, upande wa pili watu wa mahindi tu, na zile kaya kumi za katikati nikazipa majina ya majirani zetu. Mama akiniita mara mbili siitiki. Siku ya mtihani swali likaja kweli, safari hii la ng'ombe na mbuzi, na idadi ya kijiji kizima ilikuwa imewekwa pale kati ya majibu, inanisubiri mimi. Nikaipita.

Nilifaulu, tena vizuri mno, nikachaguliwa shule ya bweni mbali kabisa na kwetu, safari ya siku mbili. Baba alitembea kijiji kizima akitangaza. Mama alinifungia nguo, akizikunja na kuzikunjua upya, nami sikuuliza kwa nini, nilikuwa na furaha yangu. Baada ya shule ikaja chuo, baada ya chuo ikaja kazi Dodoma, na sasa nyumbani nafika Krismasi, ikiwezekana. Mdogo wangu Tabu, aliyefanya mtihani miaka mitatu baada yangu akafeli, ndiye aliyekwenda Tunduma. Kila Jumamosi yuko Isansa, anaingia jikoni bila kupiga hodi na kufunua sufuria kuona kimepikwa nini. Mwaka jana nilipofika, mama alitoka akijifuta mikono kwenye kanga, akanikumbatia mpaka machozi yakamtoka. Kisha akageuka, akamwambia Tabu aniletee kiti.

“Si hicho,” akasema. “Lete kile cha wageni.”