Mfungwa wa Bibi Edna

Sisi tuliokulia Toronto miaka ile ya elfu mbili na kidogo, kabla simu hazijaanza kujibu kila swali, tulijua maana ya kutafuta. Ukitaka kujua jambo, unavaa koti, unavaa buti, unapanda basi na kulifuata. Mimi na kaka yangu Baraka tulilifuata jambo moja majira mazima ya baridi, nalo wala halikuwa letu. Lilikuwa la Bibi Edna.

Tuliishi ghorofani, mtaa wa Don Mills, Mama na sisi wawili. Jumamosi jengo zima lilinukia vitunguu vya kila taifa, nasi tulicheza rede kwenye korido mpaka msimamizi wa jengo aje kututimua. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee, kwa hiyo Jumamosi alituacha kwa jirani yetu Bibi Edna, Mzungu, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake. Mama alitufungia maandazi na kutuonya: "Kwa watu hamuombi. Mkipewa, pokeeni kwa mikono miwili." Bibi Edna alitupa chai isiyo na sukari. Tukaipokea kwa mikono miwili, tukainywa kama dawa.

Alikuwa akimtafuta Mwingereza mmoja, Thomas, babu wa bibi yake. Kwao walisimuliwa kwamba Thomas alizama baharini, ndipo mjane wake Ann akahamia Kanada na binti yao mdogo, Mary. Lakini uzeeni Bibi Edna alilikuta jina la Thomas kwenye kumbukumbu za mahakama. Aliiba kondoo, akahukumiwa kusafirishwa Tasmania, kisiwa cha mbali kusini mwa Australia, ambako Waingereza wa zama hizo walipeleka wafungwa wao. Hakuzama.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," alituambia. "Aliwaacha, au alinyang'anywa?"

Basi tukawa tunaandamana naye hadi maktaba. Glavu tulizianika juu ya bomba la joto, zikatoa harufu ya mbwa aliyelowa. Karatasi za kale zilikuwa zimepigwa picha kwenye mikanda, na maktaba iliagiza mikanda hiyo kutoka mbali. Tulisubiri wiki kwa wiki. Watoto wa leo video ikikwama kidogo tu wanaona wameonewa. Sijui wangefanyaje na mkanda wa Thomas. Baraka alizungusha mpini wa mashine, mimi nikasoma majina kwa sauti, Bibi Edna akaukodolea macho mwandiko uliotapakaa kama sisimizi waliomwagiwa maji.

Tulimpata kwenye kumbukumbu za meli. Kwa kuwa hapakuwa na picha, karani aliuandika mwili wa mtu: nywele za kahawia, kovu juu ya nyusi, na mkono wa kushoto umechanjwa herufi mbili, A na M.

Bibi Edna alinishika bega, akalibana. "Ann," alisema. "Na Mary."

Mkanda uliofuata ulifika theluji ikianza kuyeyuka. Thomas alipomaliza kifungo alikuwa kibarua shambani, akaiomba serikali imletee mke na mtoto. Akakubaliwa. Kisha ukafuata mstari mmoja tu: wametafutwa kijijini kwao, hawakuonekana. Walikwisha kupanda meli ya Kanada. Thomas alizikwa hukohuko, hana ndugu.

Jioni Mama alipokuja kutuchukua, Bibi Edna alimsimulia yote, amesimama jikoni na koti bado mwilini.

"Kwa nini Ann alimdanganya mtoto?" Mama aliuliza.

"Aibu, nadhani. Alitaka kumkinga. Lakini Mary alizeeka akimlilia kama maiti mtu aliyekuwa hai, tena aliyekuwa akimwita."

Mama akatuhimiza tuvae viatu.

Sasa niseme: baba yetu alikuwa dereva wa lori Mwanza. Tulivyoambiwa, alikuwa safari za mbali, Kongo ndanindani, ambako simu hazishiki. Mimi niliamini. Baraka alikuwa ameacha kuuliza, hata picha ya Baba aliitoa kando ya kitanda chake.

Nyumbani Mama akaanza chapati. Ya kwanza ikaungua mbele ya macho yake. Akazima jiko, akatuketisha.

"Baba yenu hayuko safari. Yuko gerezani. Lori lilimshinda mteremkoni, watu wakafariki. Alifungwa kabla hatujaja huku."

Nilidhani Baraka atapiga kelele. Badala yake alimuuliza Mama:

"Kwa hiyo hakutukimbia?"

"Hakuwakimbia, mwanangu. Kila ndugu akienda kumwona, anauliza mmefika darasa la ngapi."

Baraka alilia usiku ule kama mtoto mchanga, na Mama akalia naye. Mimi nilikula chapati iliyoungua, kwa kuwa sikujua lingine la kufanya.

Bibi Edna alifariki nilipokuwa sekondari. Tulisimama kwenye matope ya makaburini na kuona kwamba alikwisha kuagiza jina la Thomas lichongwe kwenye jiwe la Ann. Baada ya hapo Baba akatoka. Tulikwangua kadi ya simu, tukapokezana mkono wa simu, naye alilia tu mpaka sauti ya kadi ikatuambia muda unakwisha.

Siku hizi wanangu humwona babu yao usoni kwa simu ya video wakati wowote. Wanasema "Shikamoo, Babu" kwa Kiswahili cha kuazima, anawauliza masomo, wanamjibu kwa Kiingereza, kisha wanarudi kwenye michezo yao. Simu inabaki mkononi mwangu. Baba naye, huko Mwanza, hukunja uso karibu na kioo cha simu akitafuta mahali pa kuikatia. Huwa simwambii ni wapi.