Mlinzi wa Kisima cha Gulwe

Kila alfajiri mlinzi wa kisima huteremsha kamba yenye mafundo, huhesabu yaliyolowa, kisha huonja maji kwa ncha ya ulimi, aone kama yameingia chumvi. Tangu gari moshi la Wajerumani lianze kunywa hapo, maji hushuka upesi. Yakilowa mafundo matatu tu, huziba kisima kwa miiba mpaka maji yajikusanye tena. Ndiyo maana hasalimiwi.

Jana dada yake alikuta miiba.

“Nifungulie, kaka. Mtoto ana kiu.”

Akampa kibuyu chake mwenyewe, miiba hakuigusa. Dada alikipokea, akaondoka bila kuaga.

Leo fundo la nne limelowa. Akaiinua kamba juu, ikichuruzika, akageuka haraka amwonyeshe mtu. Nyuma yake ilikuwepo miiba tu.