Nilikataa Kupiga Vibaya

Mwongozaji wa filamu yetu alitaka nipige saksafoni vibaya. Si vibaya kidogo. Alitaka sauti ya mbuzi aliyenaswa kwenye ua. Filamu ilikuwa ya vichekesho, kuhusu wanamuziki wanne wa jazi ambao hakuna anayewataka, na yeye aliamini watu watacheka tu wakisikia makelele.

Wanamuziki hao wanne tulikuwa sisi wenyewe, bendi yetu ya mtaa wa Dallas, Embu. Mchana mimi ni karani. Jioni nafanya mazoezi sebuleni, nimeziba mwanya wa chini ya mlango kwa blanketi ili majirani wasije kubisha. Miaka kumi na moja nimejifunza kupiga vizuri. Watu wa kunicheka sijawahi kuwakosa, na sikuona kwa nini niwasaidie.

"Siwezi," nilimwambia.

"Madam, ni comedy tu. Ukikataa nitapatia mtu mwingine aishike, halafu tuweke sauti ya kinanda."

Nilikasirika. Filamu yenyewe ilikuwa na kamera moja, na kipaza sauti kimefungwa kwenye mpini wa fagio. Sasa kasoro itafutwe kwangu? Nikamwambia anipe nafasi moja nipige nijuavyo. Isipomchekesha, saksafoni aishike amtakaye.

Siku hiyo tulikuwa Kibirichia, mbali na kwetu, uani kwa mkulima mmoja, tukiigiza harusi. Wageni wa harusi walikuwa wakulima wa viazi wa hapo jirani, walioahidiwa chakula cha mchana. Mwongozaji aliwaagiza: bendi ikianza, nung'unikeni, kisha simameni mwondoke mmoja mmoja. Mcheza kwao hutunzwa, na kwetu ni Embu, kwa hivyo sikutarajia hata kofi moja.

Nikapiga. Nilipiga wimbo wangu mwenyewe, ule mrefu wa polepole ambao hata mpiga dramu wetu huuogopa. Hakuna aliyeondoka. Walikaa wima, mikono mapajani, nyuso za watu walio katikati ya mahubiri marefu. Mwongozaji akawapungia mkono wasimame. Shosho mmoja, kikongwe wa mstari wa mbele, akamgeukia, kamera ikiendelea.

"Nitaenda aje na huyu mgeni hajamaliza?" akamwuliza. "Kwani sisi hatukulelewa?"

Nikaendelea mpaka mwisho. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Imeisha?" Akaambiwa ndiyo. Akasimama, akavua kofia, akaombea chakula.

Mpiga picha alicheka hadi kamera ikatikisika. Mwongozaji naye alicheka, akafuta machozi, kisha akasema turudie, safari hii nipige vibaya, ili awe na zote mbili achague. Nikang'oa kile kipande cha kupulizia, nikakitia mfukoni, nikaenda kupanga foleni ya wali na viazi.

Shosho yule alikuwa mbele yangu. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Mimi sijapenda hiyo kitu yako hata kidogo," alisema.

"Najua, shosho."

"Na huyo kijana anakuita urudi uiharibu."

"Nimemsikia."

Akanishika mkono, akaniweka mbele yake kwenye foleni.

"Kula kwanza. Kama anataka ya kuharibika, akuje aharibu yeye mwenyewe."