Mate ya Kumbariki Mtoto

Mama alipomaliza tiba ya mionzi, uvimbe wa shavuni ulikuwa umeisha, lakini mate nayo yalikuwa yamekwenda nao. Alikuwa akikaa kwangu Kitengela, maana safari za kila siku kutoka kwetu Kajiado hadi hospitali zingemchosha bure. Ugali aliusukuma kwa maji. Akizungumza, alikatiza katikati ya neno na kutafuta chupa yake. Hakulalamika hata mara moja.

Kisha nikajifungua msichana.

Kwetu mkubwa humtemea mtoto mate kidogo kwenye paji la uso. Hiyo ndiyo baraka. Mama alimpakata mwanangu, akainama, akajaribu. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, kisha akanirudishia mtoto.

“Mchukue, naona ana njaa.”

Mtoto alikuwa ametoka kunyonya. Mama aliingia jikoni, akafungua bomba na kuliacha litiririke muda mrefu.

Niliona aibu. Utafiti wangu wa mwisho chuoni ulihusu tezi za mate, na miezi yote hiyo sikuwa nimekaa na mama kumweleza chochote. Asubuhi iliyofuata nilikaa karibu naye.

“Yeyo,” nilimwita mama kwa lugha yetu, “ukisikia harufu ya nyama, ubongo unatuma ujumbe kwa neva. Neva inamwaga kemikali kidogo kwa seli za tezi. Seli ikiipata, inaachilia kalsiamu iliyowekwa akiba ndani, halafu inafungua milango yake ya nje, kalsiamu ingine inaingia. Hapo ndipo maji na chumvi zinatoka, yanakuwa mate.”

“Kalsiamu? Si hiyo iko kwa maziwa?”

“Hiyo hiyo.”

“Mimi nimekunywa maziwa tangu nizaliwe. Mbona iniache?”

“Haijakuacha, Yeyo. Mionzi iliua seli nyingi. Labda ziko zingine zimebaki, lakini ule ujumbe wa neva hauzitoshi.”

“Basi wewe ulijua hii yote?”

“Nilijua.”

“Na unanyamaza!” Alinipiga paja kidogo, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanze matibabu.

Tulimrudia daktari. Akampa vidonge vinavyofanya kazi ya ule ujumbe wa neva, lakini akatuonya kwamba kama seli zote zimekufa, vidonge havitakuwa na wa kumwamsha. Wiki ya kwanza mama alitokwa na jasho tu. Alikaa mlangoni akijipepea kwa leso, shingo imelowa.

“Binti yangu, hii dawa imepotea njia,” alisema. “Imeenda kwa mgongo.”

Nilicheka, ila moyoni niliogopa. Wiki ya tatu nilimkuta mezani akitafuna chapati polepole, chupa ya maji ikiwa bado imefungwa. Sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi tulimpeleka mtoto nyumbani Kajiado. Mama alishuka garini, akanyoosha mikono, nikampa. Alisimama palepale uani, akiukusanya mdomo wake taratibu, macho ameyafumba. Kisha akainama. Tone dogo lilitua kwenye paji la mwanangu, likateleza hadi kwenye nyusi.

Mtoto alikunja uso kwa hasira.

“Vumilia, mama,” mama alimwambia, akimfuta kwa kidole gumba. “Koko wako, bibi yako huyu, ameyatafuta haya sana.”

Alimbeba mwenyewe hadi ndani, akimwimbia. Mpaka leo mdomo wake hukauka ikifika mchana, na hapo hunywa maji na kuendelea na hadithi zake.