Ngoro Niliyoiacha Palepale

Nimeishia darasa la tatu. Nyumba ya matofali, kahawa, na ada ya binti yangu mpaka akafika Ulaya, vyote vimetoka kwenye mikono hii. Lakini alipokuja likizo mwaka juzi ilibidi nimuulize huko anafanya kazi gani hasa, maana kanisani wakiniuliza nabaki natoa macho.

Tulikuwa shambani kwenye ngoro, haya mashimo yetu ya mraba ya mlimani. Mimi nalaza nyasi kuzunguka kila shimo, mama yake anazifukia kwa udongo.

"Nashughulika na lugha, baba. Za kuandika jinsi programu inavyohama kompyuta moja kwenda nyingine, kabla haijatengenezwa, tuone kama itafika au itapotea."

"Si barua hiyo?"

"Barua inasomwa na mwenyeji. Hii ikifika inaendelea na kazi yenyewe, pale ilipoishia."

"Kama fundi na mfuko wa vifaa vyake."

"Haswa!" Akaweka punje ya haragwe kwenye shimo. "Shimo ni kompyuta, punje ni programu. Ili ihame unaiandikia: toka. Halafu: ingia, na jina la shimo. Shimo la jina hilo lisipokuwepo, inasubiri tu."

"Na rudi mnaiandikaje?"

"Alama ya rudi hatuna. Ni toka na ingia tena."

"Lugha gani hiyo isiyo na rudi!"

Mama yake, mtu wa Lundo kule ziwani, hakuacha kufukia. "Mimi nilipotoka ziwani kukufuata huku kwenye baridi, nani aliniandikia rudi?"

Tukacheka. Binti ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Akaondoka. Kila tukiongea kwenye simu ni mwakani, baba, mwakani.

Msimu huu ngoro zinahama: palipokuwa na tuta panakuwa shimo. Nikazihamisha zote, ile ya punje nikaiacha. Mstari ukapinda. Jirani akapita: "Shikamoo mzee. Leo umeanza na pombe?" Mke wangu hakunificha: maji yatajaa pale, yabomoe na za chini. Kweli tupu. Nikampigia binti nikiwa nimesimama palepale.

"Ngoro yako naihamisha. Inasogea kidogo tu, kuelekea ziwani. Jina ni lilelile. Andika ingia."



"Kwanza niandike toka, baba. Hiyo ndiyo inanishinda."

Nikang'oa nyasi za shimo lile, nikazilaza upya pande zote nne za shimo jipya, mama yake akafukia.